Nani Atajaza Mtungi?

"Na umeme ukikatika je?"

Aliyeuliza ni fundi wa friji, kete ya drafti ikiwa bado mkononi mwake. Mwalimu mstaafu alikuwa ndiyo kwanza ametusimulia habari za Wamarekani wanaogandishwa wakishakufa. Wanawekwa kwenye mitungi mikubwa ya chuma wakingoja siku ambayo madaktari wa zama zijazo watakuwa wamepata tiba ya maradhi yaliyowaua, wayeyushwe, watibiwe, waondoke kwa miguu yao. Kijiwe chetu chote hapa Tengeru kilisonya. Mzee wa kahawa alisonya huku anatikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba wa mbali. Mama muuza samaki, aliyekuwa anapita na beseni lake akasimama kusikiliza, alisonya kwa hasira hasa. Mimi nilisonya kisha nikanyamaza, maana jambo hili nimelisoma miaka mingi, na kila nikilisoma roho inaniuma upya.

Swali la fundi lina jibu, na jibu lenyewe linaonyesha kwamba hatuzungumzii wapumbavu. Pale Scottsdale, jimbo la Arizona, taasisi ya Alcor inapowahifadhi watu wake, hakuna friji. Kuna mitungi inayompita mtu kwa urefu, yenye kuta mbili na ombwe katikati kama chupa ya chai, na ndani yake imejazwa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, naitrojeni haina habari. Inachemka polepole, inapungua kidogo kidogo, na mtu anakuja kuiongeza. Mwili umewekwa kichwa chini, miguu juu, ili ikitokea naitrojeni imepungua pasipo mtu kugundua, miguu ndiyo itangulie kupata joto, ubongo uwe wa mwisho.

Fundi aliweka kete chini. "Hapo wamefikiria," alisema.

Wamefikiria, tena kwa muda mrefu. Robert Ettinger, mwalimu wa fizikia wa Michigan, alianza kusambaza hoja yake mwaka 1962, na kitabu chake kikatoka rasmi mwaka 1964. Alisema kifo si mstari mmoja uliochorwa mahali pamoja milele. Mtu ambaye daktari wa zamani angemfunika shuka kwa kuwa moyo umesimama, daktari wa leo anamshtua moyo na anarudi nyumbani kwa watoto wake. Basi, akasema Ettinger, aliyekufa leo tumhifadhi kwa baridi mpaka tufike kwa daktari wa kesho. Hoja hiyo mimi siidharau. Mwaka 1999 huko Norwei, Anna Bågenholm alitumbukia chini ya barafu ya kijito alipokuwa anateleza kwenye theluji. Alipofikishwa hospitali Tromsø mwili wake ulikuwa na nyuzi 13.7 na moyo haupigi. Madaktari walimpasha joto taratibu, moyo ukarudi, naye akapona. Baridi iliyomsimamisha moyo ndiyo hiyo hiyo iliyomlinda ubongo. Lakini mwili wake ulikuwa umepoa tu, haukuwa umeganda, na tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ni mama wa samaki aliyeieleza tofauti hiyo vizuri kuliko wote.

"Mwanangu," alimwambia Mwalimu, ingawa Mwalimu ana mvi kumzidi, "mimi sato wangu wanatoka Mwanza wameganda. Akishayeyuka nyama imelegea, maji yanamtoka yenyewe. Huyo ukimrudisha ziwani ataogelea?"

Mwalimu hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo, kwa sababu alichokisema ndicho wanachokisema wanaochunguza seli. Mwili wetu sehemu kubwa ni maji. Maji yakiganda yanatanuka na kujenga chembe zenye ncha. Zinakata kuta za seli, na chumvi inayobaki kwenye maji machache yasiyoganda inakuwa kali mpaka inaunguza. Ndiyo maana nyanya iliyoganda ikiyeyuka inabaki uji ndani ya ganda. Mtu wa kwanza kuhifadhiwa hivi, James Bedford, profesa wa saikolojia aliyekufa kwa saratani California tarehe 12 Januari 1967 akiwa na miaka 73, aligandishwa kienyeji. Alidungwa dawa kidogo ya kupunguza barafu, akazungushiwa barafu, akaingizwa kwenye baridi kali. Barafu imo mwilini mwake hadi leo.

Baadaye wakabadili njia. Siku hizi wanaondoa damu na kupitisha kwenye mishipa dawa za kuzuia barafu, baadhi yake za jamii ile ile ya zinazotiwa kwenye rejeta za magari huko kwenye baridi. Mwili ukipozwa, maji hayageuki chembe. Yanakuwa mazito, mazito zaidi, mpaka yanakuwa magumu kama kioo. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ila dawa zenyewe ni sumu kwa seli. Haziingii kila mahali kwa usawa. Tena kioo kikipozwa mno kinapasuka, na Alcor wenyewe hutega vifaa vya kusikiliza nyufa zikilia ndani ya kichwa cha mtu wakati anapopozwa.

Juu ya hayo kuna sheria. Hakuna anayeruhusiwa kuguswa mpaka daktari athibitishe kwamba amekufa. Kwa hiyo anayewekwa kwenye mtungi ni mtu ambaye saratani, moyo au uzee umeshammaliza, kisha ubongo wake ukakaa bila damu kwa dakika, kwa saa, wengine kwa siku. Atakayemwamsha itabidi aponye ugonjwa uliomuua, aondoe kifo chenyewe, aondoe sumu, aunge nyufa, na kama alikufa mzee amrudishie ujana, la sivyo atakufa tena wiki ijayo. Waliolipia kichwa peke yake, na wapo wengi maana huko Alcor kichwa ni dola 80,000 na mwili mzima unapita 200,000, itabidi watengenezewe na kiwiliwili. Kule Michigan, kwenye taasisi aliyoianzisha Ettinger mwaka 1976, mwili mzima ni dola 28,000, na wengi hulipa kwa bima ya maisha. Taasisi hizo mbili zina watu zaidi ya 200 kila moja. Aliyeamshwa hata mmoja hayupo. Mnyama mzima anayenyonyesha aliyepelekwa kwenye baridi ya naitrojeni akarudi akiwa hai hayupo.

"Basi ni uongo mtupu," alisema kijana wa bodaboda.

Hapo ndipo Daktari alipoingilia. Sisi tunamwita Daktari. Kazi yake ni uhimilishaji, anapandisha ng'ombe kwa mrija, na mtungi wake wa naitrojeni anaufunga nyuma ya pikipiki anapozunguka vijijini. Mbegu anazichukua hapo jirani, Usa River, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji.

"Kaka, usiseme uongo mtupu," alisema. "Mimi nina mbegu za dume ambalo lilishakufa. Ndama wake wanazaliwa hadi leo."

Ni kweli, na si kwa ng'ombe tu. Mwaka 2022 Marekani walizaliwa mapacha kutokana na viinitete vilivyogandishwa mwaka 1992. Watoto hao walikaa miaka 30 kwenye naitrojeni, na leo wanakimbia. Baridi hainyang'anyi uhai kwa lazima. Kwenye baridi ile, muda kwa seli kama umesimama. Kinachokwamisha ni ukubwa. Mrija wa mbegu ni mwembamba kama ule wa wino ndani ya kalamu. Unapoa wote kwa pamoja na kupata joto wote kwa pamoja. Kitu kinene kinapoa nje ndani kukiwa bado joto, na wakati wa kuyeyusha mambo yanageuka, na barafu inapata nafasi yake. Miaka ya 1950, pale Mill Hill, London, Audrey Smith na James Lovelock waliwagandisha hamsta, vinyama vya jamii ya panya, mpaka sehemu ya maji ya miili yao ikawa barafu. Kisha wakawapasha joto na wengi wakaamka. Lakini hamsta hao walishuka chini ya sifuri kidogo tu, wala si kwa muda mrefu. Tena hamsta anaenea kiganjani.

Kuna chura wa misituni Amerika ya Kaskazini anayefanya hivyo kila mwaka bila daktari. Baridi ikianza kumshika, ini lake linamwaga sukari mwilini. Karibu theluthi mbili ya maji yake yanakuwa barafu, moyo unasimama, ukimgonga analia kama jiwe. Baridi ikiisha moyo unaanza tena na chura anaruka kwenda kutafuta mwenzi. Nilipoeleza habari ya chura huyo, mzee wa kahawa aliacha kumimina. "Subhanallah," alisema, akarudia tena.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ipo siku kiungo kizima kitagandishwa na kurudi kazini, nasema siku hiyo imeshaanza kupambazuka. Gregory Fahy na wenzake wa California waliigeuza figo ya sungura kuwa kioo, wakaipasha joto, wakaipandikiza, na sungura akaishi kwa figo hiyo. Taarifa zao zilitoka mwaka 2009. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walizihifadhi figo za panya hadi siku 100. Walikuwa wameingiza kwenye mishipa yake chembe ndogo sana za chuma, kisha wakazipasha kwa sumaku ili joto litoke ndani na nje kwa pamoja, wakazirudisha kwa panya na panya wakaishi. Figo ya panya ni kama harage kubwa. Ya mtu ni ngumi nzima. Safari bado, ila njia inaonekana. Nikiulizwa kama Bedford ataamka, nasema haamki. Ubongo uliokatwakatwa na barafu, uliopasuka, uliolala bila damu, umepoteza mpangilio uliomfanya awe Bedford, na kilichopotea hakiundwi upya hata na fundi wa miaka elfu ijayo, kwa sababu hatakuwa na mfano wa kufuatia.

Lakini linaloniuma si hilo. Linaloniuma ni lile Daktari alilolisema baadaye, hali ametazama chini.

Alisema kazi yake yote inategemea jambo moja, kuujaza mtungi kabla haujakauka. Kikundi kimoja cha wafugaji kilimkabidhi mtu mtungi wao. Mtu akafiwa, akasafiri, akasahau kumwachia mwenziwe. Naitrojeni ikaisha. Aliporudi akaujaza tena na hakusema kitu. "Mbegu iliyokufa na iliyo hai zinafanana," alisema Daktari. "Mrija ni ule ule, rangi ni ile ile, baridi ni ile ile. Tulipandisha miezi mitatu, ng'ombe hawashiki. Ndipo akakiri."

Niliwaza Chatsworth. Ni kitongoji cha Los Angeles, na kwenye makaburi yake Robert Nelson, fundi wa televisheni aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wagandishaji wa California, alijenga chumba chini ya ardhi. Ndiye aliyesimamia kugandishwa kwa Bedford. Aliwapokea watu wengine, akiwamo mtoto mdogo wa kike aliyeletwa na wazazi wake kutoka Kanada. Fedha zikawa chache. Ndugu waliokuwa wanalipa wakaacha kulipa, mmoja mmoja, kwa sababu ambazo kila familia inazijua: ada za shule, talaka, kuhama, kuchoka. Nelson aliwabananisha watu kadhaa kwenye mtungi mmoja. Pampu ya ombwe ikafa kwenye joto la kiangazi. Naitrojeni ikaisha. Mwaka 1979 siri ikafichuka: miili 9 ilikuwa imeoza ndani ya vyuma hivyo, huku baadhi ya ndugu wakiamini kwamba wapendwa wao bado wanangoja. Mwaka 1981 mahakama iliwapa jamaa hao fidia.

Wazazi wa mtoto yule walishamlilia mara moja. Ilibidi wamlilie mara ya pili. Nani anastahili adhabu hiyo?

Bedford amepona balaa hilo, na siyo kwa sababu ya ufundi. Amepona kwa sababu alikuwa na mke na mtoto wa kiume waliomshikilia. Walimhamisha kutoka ghala moja hadi jingine, Arizona, kusini mwa California, kaskazini, wakapigania wosia wake mahakamani, na kufika miaka ya mwisho ya 1970 mtoto alimhifadhi baba yake mwenyewe, akinunua naitrojeni kwa fedha yake, mpaka Alcor walipompokea mwaka 1982. Mwaka 1991 walipomfungua kumhamishia mtungi mpya, vipande vya barafu alivyozungushiwa mwaka 1967 vilikuwa havijayeyuka. Kwa miaka 24 hakuna aliyesahau. Naiheshimu familia ile kwa moyo wangu wote. Lakini mtoto naye ni binadamu mwenye siku zake. Mjukuu atajaza mtungi wa babu ambaye hakuwahi kumwona? Kitukuu je? Taasisi zinasema zimetenga fedha kwenye amana, faida yake inunue naitrojeni daima. Amana inalindwa na mahakama, mahakama inalindwa na dola, na mimi sijui dola iliyodumu pasipo kutikiswa kwa miaka mia tatu. Huko Urusi, mwaka 2021, mume na mke walioachana, Danila Medvedev na Valeria Udalova, waliogombea kampuni yao ya kugandisha, walifikia hatua ya mitungi yenye watu ndani kupakiwa kwenye lori. Talaka moja tu.

Hao walio kichwa chini hawana sauti. Wamejiweka mikononi mwa watu ambao hawajazaliwa, wasiowadai chochote.

"Na akiamka," aliuliza mzee wa kahawa taratibu, "atamuulizia nani?"

Tulikaa kimya muda. Mimi nilikuwa namkumbuka binti wa Uingereza, aliyekuwa na miaka 14. Ana saratani isiyotibika, wazazi wameachana. Alisoma mwenyewe habari za kugandishwa, akaomba afanyiwe. Mama alikubali, baba akasita. Suala likaenda Mahakama Kuu, kwa Jaji Peter Jackson, naye alimtembelea hospitali akazungumza naye. Mwezi Oktoba 2016 aliamua kwamba mama ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya mwili wa binti yake, akaeleza bayana kwamba hatoi hukumu juu ya kugandishwa kama ni jambo la kweli au la. Binti alipata habari ya uamuzi ule kabla hajafa, ikamtuliza. Gharama ilikuwa kama pauni 37,000, na mwili ukapelekwa Michigan. Siwezi kumlaumu mtoto anayetaka kuishi. Angekuwa wangu ningeuza shamba.

Lakini hospitali iliieleza mahakama jambo ambalo sijalisahau. Walisema kikosi cha kujitolea kilichokuja kumwandaa kilikuwa hakijajipanga. Walisema pia kwamba siku ya mwisho ya maisha ya binti, mama yake alishughulishwa na maandalizi ya baada ya kifo kiasi kwamba hakuweza kuwa na mtoto wake kikamilifu. Jamani! Siku ile moja. Sisi hapa mgonjwa akifikia hatua hiyo, kazi zote zinasimama. Mwislamu analakiniwa shahada, Mkristo anaimbiwa na kuombewa, na hata asiye na dini anashikwa mkono. Aliyekuwa na ugomvi naye anaitwa waombane radhi. Mama yule alikuwa na maandalizi ya kushughulikia. Alimpenda mwanawe, na upendo wenyewe ndio uliomwondoa kitandani pake.

Hilo ndilo ninalolilia. Matumaini ya miaka mia tatu yamekula saa chache zilizobaki, na saa hizo zilikuwa za hakika.

Na mjane wake Bedford aliishi vipi? Mwanamke ambaye mumewe hajazikwa, aanze kuhesabu eda lini? Wapo matajiri huko Marekani waliojiwekea amana ili wakiamka wakute mali yao. Warithi walio hai, wenye njaa ya leo, wanasubirishwa na mtu aliye kwenye mtungi. Mwalimu alisema mirathi ya namna hiyo ingevunja ukoo wowote anaoujua. Nadhani hakukosea.

Mama wa samaki alijitwisha beseni, ila hakuondoka. Aliuliza zile figo za panya nilizozitaja zina faida gani kwa mtu. Nilimwambia figo ya mtu ikitolewa, kwenye barafu ya kawaida inadumu kama siku moja na nusu, moyo saa nne hadi sita. Zikipita, kimepotea kiungo na amepotea aliyekingoja. Wakifaulu kuzihifadhi kwa wiki au miezi, hospitali itakuwa na akiba ya figo kama benki ya damu ilivyo na chupa. Muhimbili wamepandikiza figo tangu 2017, na ndugu aliye hai ndiye anayelazimika kutoa yake. Nilimwambia kama ningekuwa na dola 80,000 za mtu anayetaka kichwa chake kihifadhiwe, ningempigia magoti azipeleke kwa wale watu wa Minnesota.

"Mdogo wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki," alisema. Hakuongeza neno. Akaenda sokoni.

Jua lilikuwa limeshainama. Daktari alisimama, akafungua kamba ya mtungi nyuma ya pikipiki, akanyanyua kifuniko. Moshi mweupe ulimwagika ukashuka hadi kwenye viatu vyake. Alichukua kijiti chake kirefu, akakizamisha mpaka chini, akahesabu kwa midomo bila sauti, akakitoa na kukipunga hewani. Sote tulisogea kutazama. Umande mweupe ulianza kushika kwenye kijiti kutoka ncha ya chini, ukapanda, ukasimama chini kidogo ya nusu.

"Hainifikishi Jumatatu," alisema, akapiga kiki pikipiki, akageuza kuelekea Usa River kabla hawajafunga.